Eliasberg, mwenye benki aliyezisaka sarafu zote za Marekani

WENGI wetu tukiona fedha imepoteza weupe wake huitafutia ndimu na jivu, tukaisugua hadi ing'are. Kwa wakusanyaji wa sarafu kuukuu, huko ni kuiangamiza mali. Sarafu ya fedha inayokaa miaka mingi kwenye bahasha yenye salfa huvaa utando mwembamba wa rangi: manjano, zambarau, hata buluu ya bahari. Ukifutwa, haurudi ulivyokuwa.

Marehemu Louis Eliasberg aliachia ulimwengu sarafu nyingi za aina hiyo. Alizaliwa mwaka wa 1896 mjini Selma, jimbo la Alabama, akafanya kazi ya benki mjini Baltimore na kuanza kukusanya sarafu mwaka wa 1925.

Mwanzoni ilikuwa burudani tu. Lakini serikali ya Marekani ilipowapiga raia wake marufuku kuweka dhahabu mwaka wa 1933, sarafu adimu za wakusanyaji ziliachwa nje ya amri hiyo. Mwenye benki huyu akaiona njia halali ya kuhifadhi dhahabu, na tangu hapo hakurudi nyuma.

Mnamo 1942 alinunua kwa mkupuo mmoja hazina ya familia ya Clapp kwa dola 100,000. Clapp, baba na mwanawe, walikuwa wakiagiza sarafu moja kwa moja kutoka viwanda vilikofuliwa. Hivyo nyingi hazikupitia mikono ya wachuuzi, na rangi zake zilijijenga polepole bila kuguswa.

Pengo lililomsumbua mwishoni lilikuwa sarafu ndogo ya fedha ya senti 10, iliyofuliwa Carson City, Nevada, mwaka wa 1873. Mwaka huo sheria iliongeza uzito wa senti 10 kidogo, na vishale vikawekwa kando ya tarehe kuonyesha badiliko hilo. Zile 12,400 zilizotangulia, zisizo na vishale, karibu zote ziliyeyushwa. Inayojulikana kusalia ni moja pekee, naye Eliasberg akaipata Novemba 1950.

Hapo alihesabiwa kuwa na kila tarehe na kila alama ya kiwanda iliyojulikana. Lakini kuna jambo ambalo mwandishi huyu analiona kubwa kuliko sifa hiyo. Aliwahi kumiliki sarafu ya dhahabu ya dola 20 ya mwaka wa 1933. Alipofahamu kwamba serikali haikuwa imeiidhinisha kutoka kiwandani, aliikabidhi kwa hiari yake. Kwa mtu aliyetaka kukamilisha kila kitu, si hasara ndogo.

Jarida la Life lilimtangaza mwaka wa 1953, na sarafu zake zikaonyeshwa kwa umma. Alifariki Februari 1976. Ile senti 10 ya Carson City ilipigwa mnada mwaka wa 1996 kwa dola 550,000, na mwaka wa 2012 ikauzwa tena kwa dola milioni 1.84.