Mwalimu Nyerere kwenye meza ya Warundi

Katika kitivo chetu Julius Kambarage Nyerere hutajwa kwa mambo mawili: Ujamaa na Kiswahili. Tunasoma tafsiri zake za Shakespeare, tunataja Azimio la Arusha la 1967, kisha tunafunga daftari. Mimi napenda kumfuata mahali pengine, katika miaka yake ya mwisho, alipokuwa mzee mstaafu akijaribu kuwaketisha Warundi pamoja. Vitabu vya nadharia ya majadiliano hupenda mifano iliyonyooka. Kazi yake ya Burundi haikunyooka, na kwa hiyo inafundisha zaidi.

Alizaliwa Aprili 1922 huko Butiama, upande wa mashariki wa Ziwa Victoria, mtoto wa chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Wazanaki ni kabila dogo, na nadhani jambo hilo lilimsaidia baadaye: hakuna aliyeweza kudai kwamba anaijenga Tanganyika kwa faida ya watu wake wa nyumbani. Alisoma Musoma, Tabora, Makerere, na mwisho Edinburgh, alikomaliza mwaka 1952. Aliporudi alifundisha sekondari ya Pugu, na jina la Mwalimu halikumtoka tena. TANU ilianzishwa mwaka 1954, uhuru ukaja Desemba 1961, naye akaongoza nchi hadi 1985 alipoachia urais kwa hiari yake. Hayo yanajulikana, siyarudii.

Linalosahauliwa ni Biafra. Mwezi Aprili 1968, wakati viongozi karibu wote wa Afrika walishikilia mipaka ya wakoloni kama amri ya mbinguni, Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra. Hoja ya Nyerere ilikuwa kwamba serikali isiyowahakikishia watu fulani uhai wao haiwezi kuwadai utiifu. Biafra ilishindwa Januari 1970, na wengi walimwona Nyerere kama mtu aliyekosea hesabu. Lakini tayari alikuwa ameshika kiini cha vita vya aina hii. Kabla ya madaraka, kabla ya ardhi, kuna hofu ya kumalizwa.

Burundi ilikuwa na hofu hiyo mara mbili, na kila upande ulikuwa na tarehe zake. Wahutu walikumbuka 1972, wakati jeshi lililoongozwa na Watutsi lilipowaua wasomi wao kwa makumi ya maelfu, wanafunzi na walimu wakiwemo. Watutsi walikumbuka Oktoba 1993. Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuchaguliwa rais, aliuawa na wanajeshi tarehe 21 mwezi huo baada ya kutawala miezi mitatu tu, na kifo chake kilifuatwa na mauaji ya Watutsi vilimani, kisha kisasi cha jeshi juu ya Wahutu. Sisi wa ng'ambo ya Ruzizi tunajua mwaka upi ulileta wakimbizi wapi katika bonde la Uvira. Na suluhisho la Biafra halikuwepo hapa. Wahutu na Watutsi hawana majimbo yao; wanakaa kwenye kilima kimoja na wanasema Kirundi kilekile. Mwanafunzi wa lugha anayeamini kwamba lugha moja huleta amani (na Nyerere mwenyewe ametumiwa mara nyingi kama ushahidi wa imani hiyo) aitazame Burundi kwanza.

Alianza kazi ya upatanishi mwaka 1996 kwa kuvikutanisha Mwanza vyama viwili vikubwa: FRODEBU, chenye Wahutu wengi, na UPRONA, chenye Watutsi wengi. Tarehe 25 Julai mwaka huohuo Meja Pierre Buyoya alipindua serikali. Siku chache baadaye nchi za jirani, Nyerere akizisukuma, ziliiwekea Burundi vikwazo vya uchumi.

Hapa nadharia inatusaidia. William Zartman, mtaalamu wa Marekani, anafundisha kwamba mgogoro huiva kwa mazungumzo pale pande zote zinapokwama katika hali inayoziumiza zote, na kila moja ikaona kwamba njia ya bunduki haifiki popote. Mwaka 1996 Burundi haikuwa imeiva. Jeshi lilidhani linaweza kushinda, waasi walidhani wana muda. Vikwazo vilikuwa njia ya kuuivisha mgogoro kwa nguvu, kama mtu anavyofukia ndizi chini ya moto ili ziive haraka. Matokeo ya kwanza yalikuwa machungu. Bei zilipanda kwa raia, magendo yakawatajirisha wachache, na Buyoya akapata sababu ya kumwita Nyerere hakimu mwenye upande. Agosti 1997 serikali ya Bujumbura haikufika Arusha, mkutano ukavunjika. Kumbe serikali hiyo ilikuwa imezungumza kwa siri na waasi wa CNDD huko Roma, chini ya jumuiya ya Sant'Egidio. Alikuwa na nguvu ya kuwabana watu, lakini kwa sababu hiyohiyo hakuaminiwa, na sioni mpatanishi anavyoweza kuwa na vyote viwili kwa kipimo kamili.

Hata hivyo, Juni 1998 walirudi. Serikali ilikuwa imeelewana na Bunge lake ndani ya nchi, vikwazo vilikuwa vikiuma, na meza ya Arusha ilipata wajumbe wa pande kumi na saba, baadaye kumi na tisa. Baadhi ya vyama hivyo, walisema wenye kejeli, vingeenea katika teksi moja. Wafadhili walilalamika juu ya gharama na posho. Nyerere hakuharakisha. Aligawa kazi katika kamati tano: asili ya mgogoro, demokrasia na utawala bora, amani na usalama, ujenzi mpya na maendeleo, na mwisho dhamana za utekelezaji. Wenyeviti wake walitoka mbali. Armando Guebuza wa Msumbiji na Nicholas Haysom wa Afrika Kusini walikuwa wametoka katika nchi zilizokwisha kumaliza vita vyao wenyewe kwa mazungumzo; padri Matteo Zuppi wa Sant'Egidio alipewa kamati ya usalama. Yaani watu wa Roma, waliokuwa wamempita kwa siri, aliwaingiza ndani ya nyumba yake. Huo ni ustadi.

Kamati ya kwanza ndiyo inayonivuta mimi, kwa kuwa kazi yake yote ilikuwa maneno. Wamarekani Roger Fisher na William Ury, katika kitabu chao cha 1981, wanashauri kuacha misimamo na kutafuta haja zilizo nyuma yake, na kutazama mbele kuliko nyuma. Nyerere alifanya kinyume: aliwaanzisha Warundi na yaliyopita. Je, mgogoro huu ni wa kikabila au wa kisiasa? Yaliyotokea 1972 yaitweje, na ya 1993 yaitweje? Kila jina lilikuwa na mashtaka ndani yake. Atakayesema ni wa kisiasa tu atakuwa amemnyima jirani yake hofu yake; atakayesema ni wa kikabila tu atakuwa ametangaza kwamba hauna mwisho. Maelezo yaliyoingia katika mkataba yalichukua yote mawili kwa mpangilio maalumu: kimsingi ni mgogoro wa kisiasa, wenye sura nzito sana ya kikabila, uliotokana na wanasiasa kugombea kupata madaraka au kubaki nayo. Sentensi hiyo si ya sherehe. Kama chanzo ni madaraka, basi madaraka yanaweza kugawanywa kwa hesabu. Aliyewahi kumfanya Brutus aseme Kiswahili alijua kwamba uchaguzi wa neno moja hubeba mzigo wa tendo zima.

Lakini meza hiyo ilikuwa na tundu kubwa. Mwaka 1998 CNDD ilipasuka. Wapiganaji wengi wa FDD walimfuata Jean-Bosco Ndayikengurukiye, na Léonard Nyangoma akabaki na kiti cha Arusha. Nyerere alikataa kuwapokea waliojitenga. Aliona kwamba akizawadia mpasuko mmoja, kila ujumbe utapasuka kesho yake. Wapiganaji wa PALIPEHUTU-FNL nao walikuwa nje. Hivyo wajumbe kumi na tisa walizungumza amani, huku wenye bunduki wakiendelea kupigana, na FDD wakipata kambi na washirika huku kwetu Kongo katika vita vilivyoanza Agosti 1998. Stephen Stedman aliandika mwaka 1997 kuhusu wavurugaji wa amani, kwamba lazima ujue yupi anataka tu kuingizwa na yupi hataki amani ya namna yoyote. Ndayikengurukiye na watu wake, kwa maoni yangu, walikuwa wa kundi la kwanza. Kuwaacha nje kulilinda utaratibu wa meza, na Warundi wakalipa miaka.

Wakati huo Nyerere alikuwa na saratani ya damu. Aliendelea kusafiri na kuongoza vikao, na alifia London tarehe 14 Oktoba 1999. Alizikwa Butiama. Nelson Mandela alichukua kiti mwezi Desemba, akawaleta wakuu wa dunia na haraka ambayo mtangulizi wake hakuwa nayo, na mkataba ukatiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000, vyama kadhaa vya Watutsi vikisaini kwa shingo upande. Usitishaji wa vita haukuwemo. FDD waliingia katika makubaliano mwaka 2003, chini ya kiongozi mwingine, Pierre Nkurunziza; FNL waliweka silaha chini mwaka 2009.

Ndani ya mkataba ule, kabila lolote halikuruhusiwa kuzidi nusu ya jeshi kwa kipindi ambacho Seneti ingeona kinafaa. Wahutu, walio wengi mno kwa idadi, walikubali nusu. Watutsi, waliokuwa na jeshi karibu lote, nao walikubali nusu. Baada ya 2003 wapiganaji wa msituni na askari waliokuwa wakiwawinda waliingizwa katika kambi zilezile, wakala chakula kimoja na kupokea amri kwa Kirundi.