Auerbach: Jicho lililomwona Russell, likampita Cousy

MWAKA 1950 klabu ya Boston Celtics ilishika mkia katika kundi lake, hivyo ikapewa zamu ya kwanza ya kuchagua chipukizi kutoka vyuo vikuu vya Marekani. Mji mzima ulikuwa na jina moja mdomoni. Bob Cousy, kijana wa chuo cha Holy Cross kilichopo Worcester, magharibi ya Boston, alikuwa akitoa pasi ambazo watu walilipa kiingilio ili kwenda kuziona. Kocha mpya wa Celtics, Arnold Auerbach, mwenye umri wa miaka 32, alimpita. Badala yake klabu ilimchukua Charlie Share, senta mrefu ambaye hakuwahi kuvaa jezi ya Boston hata katika mchezo mmoja.

Mtu huyo huyo leo anatajwa kuwa hodari kuliko wote katika kupima vipaji vya vijana kabla hawajaingia katika ligi ya kulipwa ya NBA. Sifa hiyo anaistahili, ila si kwa namna inavyosimuliwa mara nyingi, kana kwamba alizaliwa na jicho lisilokosea. Jicho lake lilikosea mara kwa mara. Alichowazidi wenzake ni kujua nani wa kumuuliza, kuzisoma kanuni mstari kwa mstari, na kuwa na subira pale wengine walipokuwa na haraka.

Auerbach alizaliwa Septemba 20, 1917, Brooklyn, New York. Baba yake alikuwa Myahudi aliyehama kutoka Minsk akiwa kijana mdogo, akaendesha biashara ya udobi. Nywele za mtoto zilikuwa nyekundu, na jina la utani la Red likamganda hadi kaburini. Kikapu kilimpeleka Chuo Kikuu cha George Washington, katika mji mkuu wa Marekani, ambako kocha wake Bill Reinhart alimfundisha mchezo wa kasi, ule wa kushambulia kabla mpinzani hajajipanga. Reinhart atarejea katika habari hii.

Baada ya kulitumikia jeshi la majini, Auerbach alipewa timu ya Washington Capitols mwaka 1946, ligi ilipoanzishwa, na katika msimu wa kwanza alishinda michezo 49 na kupoteza 11 tu. Akapita kwa muda mfupi katika timu ya Tri-Cities Blackhawks, kisha mwenye Celtics, Walter Brown, akamwita Boston.

Kwa msomaji asiyefuatilia ligi hiyo, uteuzi wa chipukizi ni zoezi la kila mwaka ambalo timu hupokezana zamu kuchagua vijana, zilizofanya vibaya zikitangulia. Kijana akishachaguliwa, haki ya kumsajili ni ya timu iliyomtaja, hata kama yeye angependa kwingine. Kosa la dakika moja huweza kuigharimu klabu miaka kumi. Katika miaka ya 1950 hakukuwa na kanda za video za kuzungushwa ofisini, na klabu nyingi hazikuwa na hata mtu mmoja aliyelipwa kwa kazi ya kusaka vipaji.

Kosa la Auerbach kuhusu Cousy lilirekebishwa na bahati. Haki za mchezaji huyo ziliishia mikononi mwa klabu ya Chicago Stags, ambayo ilivunjika kabla ya msimu kuanza. Majina ya wachezaji wake watatu yakatiwa ndani ya kofia, na Brown akaokota la Cousy, ambaye hakuwa chaguo lake. Cousy akaja kuongoza ligi kwa pasi za pointi misimu minane mfululizo.

Hata hivyo, uteuzi huo wa 1950 ulikuwa na jambo jingine zito. Katika raundi ya pili Celtics ilimtaja Chuck Cooper wa Chuo cha Duquesne, na kwa hatua hiyo akawa mchezaji wa kwanza mweusi kuchaguliwa katika historia ya NBA. Vyuo vilikuwa na vijana weusi wengi wenye uwezo, na klabu zote zililijua hilo. Kilichokosekana ni mtu wa kuwataja.

Kwa miaka sita Celtics ilifunga sana na kufungwa sana. Haikuwahi kufika fainali. Auerbach alihitaji mtu wa kudaka mipira inayorudi kutoka ubaoni ili mchezo wa kasi aliojifunza kwa Reinhart upate pa kuanzia. Jibu lilitoka kwa Reinhart mwenyewe, ambaye alimwona Bill Russell akiichezea timu ya Chuo Kikuu cha San Francisco, akamshauri mwanafunzi wake wa zamani aanze mapema kujipanga ili ampate.

Leo ni vigumu kuamini kwamba Russell alitiliwa shaka. Alitwaa ubingwa wa vyuo mwaka 1955 na 1956, na timu yake ilishinda michezo 55 mfululizo. Lakini wapimaji wa wakati ule walihesabu pointi, na Russell hakuwa mfungaji hodari. Alikuwa mwembamba, mtupo wake haukupendeza, na kazi yake kubwa, yaani kuzuia mitupo ya wapinzani, haikuwa hata ikiandikwa katika takwimu rasmi.

Celtics ilikuwa nyuma katika foleni. Auerbach akaipa klabu ya St. Louis Hawks nyota wake Ed Macauley pamoja na Cliff Hagan, naye akapewa zamu ya pili. Macauley alikuwa mzaliwa wa St. Louis na mwanawe alikuwa mgonjwa huko, hivyo hakuupinga uhamisho huo. Ikabaki Rochester Royals, yenye zamu ya kwanza. Inasimuliwa kwamba Brown, aliyekuwa na usemi katika kampuni ya maonyesho ya kuteleza kwenye barafu ya Ice Capades, aliahidi kuyapeleka maonyesho hayo Rochester iwapo klabu hiyo ingemwacha Russell. Iwe kweli au imetiwa chumvi, Rochester ilikuwa tayari na mdakaji hodari, Maurice Stokes, na ikamchagua Sihugo Green.

Siku hiyo hiyo Celtics ilimpata pia Tom Heinsohn, kwa kanuni ya zamani iliyoruhusu klabu kumchukua kijana wa eneo lake, na katika raundi ya pili ikamtaja K.C. Jones, mwenzake Russell chuoni. Wote watatu wamo katika Jumba la Heshima la kikapu. Hakuna klabu iliyowahi kuvuna hivyo kwa siku moja.

Russell alitangulia kutwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki ya Melbourne, kisha akaripoti Boston Desemba 1956. Auerbach alimhakikishia kwamba katika mazungumzo ya mshahara hataulizwa pointi alizofunga. Ahadi hiyo, ndogo kwa kuisikia, inaeleza zaidi kuliko taji lolote namna kocha huyo alivyompima mchezaji. Aprili 1957 Celtics iliifunga Hawks ya Macauley na Hagan 125-123 katika mchezo wa saba wa fainali, baada ya vipindi viwili vya nyongeza. Kati ya 1957 na 1966 Auerbach alitwaa ubingwa mara tisa, nane kati yake mfululizo, na katika muda wote huo hakuna mchezaji wake aliyewahi kuongoza ligi kwa ufungaji.

Mwaka 1957 alifanya jambo ambalo ofisi za leo zingeliita uzembe. Alimchagua Sam Jones kutoka chuo kidogo cha watu weusi mjini Durham, North Carolina, bila kuwahi kumwona akicheza. Alitegemea neno la Bones McKinney, aliyewahi kumchezea Washington na ambaye sasa alikuwa akifundisha katika jimbo hilo. Klabu nyingine hazikuwa na desturi ya kutazama vyuo vya aina hiyo. Sam Jones alistaafu akiwa na mataji kumi.

Ndivyo mtandao wake ulivyofanya kazi: makocha wa vyuo, wachezaji wake wa zamani, marafiki wa tangu Washington, ambako familia yake iliendelea kuishi miaka yote huku yeye akifanya kazi Boston. Hakuwauliza sana kuhusu urefu au mbio. Alitaka kujua kijana anafanyaje timu yake inapofungwa, na kama anaweza kukaa benchi bila kununa. Frank Ramsey, aliyemchagua mwaka 1953, angeweza kuanza katika timu yoyote, lakini Auerbach alimfanya mchezaji wa sita, wa kuingia wengine wakiwa wamechoka. John Havlicek wa mwaka 1962 akairithi kazi hiyo.

Wapinzani hawakumpenda. Aliwasha sigara yake nene benchini mchezo ukiwa haujaisha, alizozana na waamuzi, na hila zake zilijulikana ligi nzima. Inaelezwa kwamba alipokwenda kumtazama Dave Cowens wa Florida State, aliondoka baada ya dakika chache akijifanya amechukizwa, ili wasakaji wengine waliokuwapo wadhani hakuona cha maana. Mwaka 1970 akamchukua katika nafasi ya nne, na miaka mitatu baadaye Cowens alikuwa mchezaji bora wa ligi. Lakini mwaka uliofuata alitumia nafasi ya kumi kwa Clarence Glover, aliyecheza michezo 25 na kutoweka katika NBA.

Alikuwa ameacha ukocha mwaka 1966 na kumkabidhi Russell, aliyekuwa kocha mkuu wa kwanza mweusi wa ligi hiyo. Kama meneja mkuu, kazi yake iliyobaki midomoni mwa watu ni ya mwaka 1978. Larry Bird wa Indiana State alikuwa na mwaka mmoja zaidi wa kucheza chuoni, lakini kwa kuwa darasa aliloanza nalo lilikuwa limehitimu, kanuni ziliruhusu achaguliwe. Klabu tano zilimpita, zikitaka mtu wa kucheza mara moja. Celtics haikuwa na haraka hiyo, ingawa hali yake ilikuwa mbaya. Ilimchukua wa sita, ikasubiri mwaka mzima huku ikishinda michezo 29 tu, kisha ikamsajili muda wake ukiwa karibu kwisha. Msimu wa kwanza wa Bird ilishinda 61. Ligi ikaibadilisha kanuni.

Mwaka 1980 aliiachia Golden State Warriors zamu ya kwanza na ya 13, akapata Robert Parish na zamu ya tatu, aliyoitumia kumchukua Kevin McHale. Mwaka 1981 akamtaja Danny Ainge, aliyekuwa tayari na mkataba wa besiboli na Toronto Blue Jays. Kesi ilikwenda mahakamani, Celtics ikashindwa, ikalipa ili kumpata.

Juni 1986 Celtics ilikuwa imetoka kutwaa ubingwa, na bado ilikuwa na zamu ya pili katika uteuzi, iliyoipata kwa kumpeleka Gerald Henderson Seattle miaka miwili kabla. Wapenzi wa kikapu wa Dar es Salaam wanaijua nafasi hiyo, kwani ndiyo aliyochaguliwa Hasheem Thabeet mwaka 2009. Auerbach alijua amtakaye. Len Bias alikuwa akichezea Chuo Kikuu cha Maryland, jirani na nyumbani kwake Washington. Huyu hakuhitaji kuambiwa na mtu. Alikuwa amemtazama kwa macho yake kwa miaka, na vipimo vya afya vilivyofanywa na klabu havikuonyesha dosari.

Bias alichaguliwa Juni 17. Alikwenda Boston, akarudi Maryland usiku wa tarehe 18, na asubuhi ya Juni 19 alifariki dunia kwa kokeini akiwa na umri wa miaka 22. Msiba huo ulitikisa Marekani nzima. Kabla ya mwaka kwisha Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria kali ya dawa za kulevya, yenye vifungo vya lazima vilivyowajaza magerezani vijana weusi kwa miaka mingi iliyofuata.

Katika kupima chipukizi, Auerbach alijivunia kwamba anamtafuta mtu kwanza, mchezaji baadaye. Kwa Bias alikuwa na muda, ukaribu na marafiki wa kutosha, kuliko alivyokuwa navyo kwa Sam Jones, ambaye hakumwona kabisa. Mwaka 1987 klabu ilimchagua Reggie Lewis, kijana aliyesoma Boston, katika nafasi ya 22. Akakua hadi kuwa nahodha, kisha Julai 1993 akaanguka mazoezini na kufariki kwa maradhi ya moyo. Celtics haikufika tena fainali katika uhai wa Auerbach baada ya 1987.

Alifariki Oktoba 28, 2006, mjini Washington, akiwa na miaka 89, na mataji 16 aliyoyatwaa kama kocha na kiongozi. Msimu ulioanza siku chache baadaye klabu yake ilishinda michezo 24 na kupoteza 58. Ikapata zamu ya tano ya uteuzi, na mkuu wake wa masuala ya wachezaji, Danny Ainge yule yule wa kesi ya besiboli, akaibadilisha kwa mfungaji mzoefu Ray Allen. Juni 17, 2008, Celtics ilitwaa ubingwa wake wa 17.