Nicholas Stroh: Mwandishi aliyepotelea Mbarara

MTU akisimama juu ya kilima cha Nyamitanga, penye kanisa kuu la Kikatoliki, huuona mji wa Mbarara ng'ambo ya mto Rwizi. Huko ndiko Nicholas Stroh alikoishia Julai 1971.

Stroh alikuwa Mmarekani wa miaka 33, wa ukoo tajiri uliomiliki kiwanda cha bia cha Stroh mjini Detroit. Angeweza kula mali ya familia kwa raha zake. Badala yake alishika kalamu, na alipofika Uganda alikuwa mwandishi wa kujitegemea.

Idi Amin alikuwa ametwaa madaraka Januari 25 mwaka huo. Habari zilipoenea kwamba askari Waacholi na Walangi walikuwa wakichinjwa katika kambi ya Simba, Stroh aliwasha gari lake la Volkswagen akaenda kujionea. Aliandamana na Robert Siedle, mhadhiri wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha Makerere. Hawakurudi.

Marekani iliposhinikiza, Jaji David Jeffreys Jones alipewa kazi ya kuchunguza. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kupita kiasi. Mahali palipotokea mauaji, mpelelezi huzungushia uzio, hukataza watu kukanyaga, hupiga picha kabla ya kugusa chochote. Nguo yenye damu hukaushwa na kutiwa katika mfuko wa karatasi, kwa maana ndani ya plastiki huoza. Kila kielelezo huandikwa kimetoka wapi na kimepitia mikono ya nani.

Mbarara hayo yote hayakuwezekana. Waliokuwa wakishukiwa ndio waliolinda lango la kambi, na wanajeshi hawakutaka kusema.

Kisha Luteni Silver Tibihika, aliyekuwa amekimbilia Tanzania, akatoa maelezo kwa kiapo. Alisema Wamarekani hao waliuawa kambini na kuzikwa, halafu miili ikafukuliwa na kuchomwa moto. Alieleza pia gari lilikotupwa. Hapo Jones hakuridhika na maneno matupu. Alilifuata, na Volkswagen ikapatikana korongoni upande wa milima ya Rwenzori, imeteketea. Bati lile lililoungua lilimpa Tibihika uzito ambao kiapo peke yake kisingempa.

Ripoti ya mwaka 1972 iliamua kwamba wawili hao walikufa mikononi mwa wanajeshi wa kikosi cha Simba. Wakati huo jaji mwenyewe alikuwa ameshaondoka nchini, na ni vigumu kumlaumu. Serikali ya Amin iliikataa ripoti hiyo, lakini baadaye ilizilipa familia fidia, jambo linalomfanya mtu ajiulize ililipia nini.

Mwaka 1997, miaka 26 baada ya tukio, mtoto wa Siedle alirejea Mbarara kutafuta mabaki ya baba yake katika ardhi ya kambi hiyo.