Kasagama wa Tooro

Mtu atokaye Kampala kwenda Fort Portal husafiri karibu kilomita 300 upande wa magharibi, na akifika jioni hutafuta blanketi. Mji huo uko kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari, una mashamba ya chai kandokando, na nyuma yake Milima ya Ruwenzori imejifunika mawingu. Hapo ndipo alipotawala Omukama Daudi Kasagama, naye baridi ya milima hiyo aliijua sana, kwa sababu alijificha huko.

Tooro ilijitenga na Bunyoro zamani za Kaboyo, yapata mwaka wa 1830. Baadaye Kabalega wa Bunyoro akairudisha kwa nguvu, na watoto wa mfalme wakatawanyika. Kasagama akakulia ugenini pamoja na mama yake, Kahinju. Mwaka wa 1891 Kapteni Lugard, akienda kuwatafuta askari wa Kisudani walioachwa na Emin Pasha, alimchukua kijana huyu akamweka katika kiti cha baba zake. Wala haikuwa huruma tu. Lugard alitaka rafiki mpakani mwa Kabalega.

Mwaka wa 1893 askari wale walipoondolewa, watu wa Kabalega walirudi, na Kasagama akakimbilia mlimani hata Waingereza walipomrudisha.

Taabu iliyofuata ilitoka kwa marafiki wenyewe. Mwaka wa 1895 ofisa Mwingereza wa Tooro alimshtaki. Wengine wangalishika mikuki, au wangalitoroka. Kasagama alikwenda Kampala kujitetea mbele ya Kamishna, naye akaonekana hana hatia. Mimi naona hapo ndipo alipokuwa mfalme kweli, maana safari hii hakuna aliyembeba. Mwaka wa 1896, kabla hajarudi kwao, alibatizwa Mengo akaitwa Daudi.

Mwaka wa 1900 alitia sahihi Mapatano ya Tooro. Alipata cheo na mipaka, lakini neno la mwisho lilikuwa la Serikali.

Jambo moja hunikera. Mji una jina la Sir Gerald Portal, aliyekaa Uganda miezi michache tu mwaka wa 1893, akafa mwaka uliofuata. Kasagama alishika kiti hicho hata alipofariki Desemba 1928, na mwanawe George Rukidi akamrithi. Kaburi lake liko Karambi, nje kidogo ya mji.