MARGARET DAYHOFF: MAMA WA HESABU ALIYEITUMIKIA TIBA

Wako wanaodhani kwamba anayetaka kuwatumikia wagonjwa hana njia ila kuwa daktari wa hospitali. Maisha ya mama huyu yanatuonyesha njia nyingine.

Margaret Oakley Dayhoff alizaliwa mwaka 1925 katika mji wa Philadelphia, Marekani. Alisoma hesabu katika Chuo Kikuu cha New York, akahitimu mwaka 1945. Mwaka 1948 alipata shahada ya udaktari wa kemia katika Chuo Kikuu cha Columbia. Huko alitumia mashine za kadi zenye matundu kufanya hesabu ndefu za kemia. Baadaye aliolewa, akajaaliwa mabinti wawili, akakaa nyumbani miaka kadhaa kuwalea. Elimu yake haikupotea. Mwaka 1960 alijiunga na taasisi ya utafiti wa tiba karibu na Washington.

Wakati huo wataalamu walikuwa wameanza kusoma protini. Protini ni mfano wa shanga zilizotungwa kwenye uzi, nazo shanga hizo ni za aina 20. Mpangilio ukibadilika kidogo, maradhi huweza kuingia. Selimundu, ugonjwa tunaoujua sana Afrika Mashariki, hutokana na badiliko la shanga moja tu katika protini ya damu.

Kuusoma uzi huo kulihitaji kuukata vipande vipande, kisha kuviunganisha tena kwa kutazama sehemu zinazofanana, kama mtu anayeunga karatasi iliyochanika. Mwaka 1962 Dayhoff na mwenzake Robert Ledley walieleza programu ya kompyuta ya kufanya kazi hiyo.

Kisha akaona tatizo kubwa zaidi: matokeo ya watafiti yalikuwa yametawanyika katika majarida mengi. Akayakusanya moja moja na kuyahakiki. Mwaka 1965 yeye na wenzake walitoa kitabu chenye protini 65. Kila shanga iliyokuwa ikiandikwa kwa herufi tatu, yeye akaipa herufi moja. Mwaka 1978 alitoa majedwali ya kupima jinsi protini zinavyobadilika kizazi hadi kizazi. Hapo ndipo ulipojengwa msingi wa elimu iitwayo bioinfomatiki, yaani kutumia kompyuta kuchunguza siri za viumbe.

Njia yake haikuwa nyepesi. Wengine waliona kukusanya kazi za watu si utafiti, na fedha zilikuwa za kuhangaikia. Mwaka 1982 serikali ya Marekani ilipoanzisha hazina ya taarifa za jeni, kazi hiyo ilipewa wengine. Dayhoff alifariki kwa maradhi ya moyo Februari 1983, akiwa na miaka 57.

Mwaka uleule watafiti walilinganisha protini kwa kompyuta, wakagundua kuwa ile ya kirusi cha saratani ya nyani inafanana na protini ya mwili inayokuza seli. Mlango mpya wa kuielewa saratani ukafunguka. Hazina yake nayo iliendelezwa, na leo ni sehemu ya hazina kubwa inayosomwa bure kwenye intaneti.

Basi wanafunzi, msilidharau somo la hesabu, wala msione haya kufanya kazi ya kukusanya na kupanga. Nanyi wazazi, binti akipenda hesabu, mpeni nafasi. Huenda dawa ya mgonjwa ikaanzia kwenye daftari lake.