Werner Forssmann

Werner Theodor Otto Forssmann (Berlin, 29 Agosti 1904 – Schopfheim, 1 Juni 1979) alikuwa daktari wa upasuaji na wa magonjwa ya njia ya mkojo kutoka nchi ya Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kujiingizia mwenyewe katheta, yaani mrija mwembamba, kupitia vena ya mkono hadi ndani ya moyo, mwaka 1929. Mwaka 1956, pamoja na André Cournand na Dickinson Richards, alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Njia aliyoifungua ni msingi wa uchunguzi wa moyo kwa katheta, na pia wa mirija ya vena kuu inayotumika leo kuwapa wagonjwa wa saratani dawa za tibakemikali.

Maisha ya awali

Forssmann alizaliwa mjini Berlin akiwa mtoto pekee. Baba yake, aliyekuwa mwanasheria, alikufa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, naye akalelewa na mama na bibi yake. Mwaka 1922 alianza kusoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Berlin. Alipomaliza alikwenda kufanya kazi katika hospitali ya mji mdogo wa Eberswalde, kaskazini-mashariki mwa Berlin.

Jaribio la mwaka 1929

Wakati huo, mgonjwa aliyekuwa akikata roho alichomwa sindano ya dawa moja kwa moja moyoni kupitia kifua. Sindano hiyo iliweza kutoboa mapafu au mishipa ya damu ya moyo wenyewe. Forssmann alitafuta njia salama zaidi. Alikumbuka kwamba katika karne ya 19 wataalamu wa Ufaransa walipitisha mrija katika vena ya shingo ya farasi hadi moyoni bila kumuua. Akaona kwamba kwa binadamu inawezekana kuanzia kwenye vena ya mkono.

Mkuu wake, Richard Schneider, alimkatalia kufanya jaribio hilo kwa mgonjwa wala kwa nafsi yake. Madaktari wengi waliamini kwamba kitu chochote kikigusa moyo kwa ndani kitausimamisha. Forssmann hakutii. Vifaa vilikuwa mikononi mwa muuguzi Gerda Ditzen, naye alikubali kuvitoa kwa sharti kwamba afanyiwe yeye jaribio. Forssmann alimfunga kwenye meza ya upasuaji kana kwamba anamwandaa, kumbe alikuwa amekwisha kujitia ganzi kwenye kiwiko cha mkono wa kushoto. Alipasua ngozi, akafungua vena na kusukuma ndani katheta iliyotengenezwa kwa ajili ya njia ya mkojo, yenye urefu wa sentimita 65.

Mrija ukiwa bado mwilini, alimfungua muuguzi, wakashuka kwa miguu hadi chumba cha eksirei. Picha ilionyesha kwamba ncha ya katheta imefika katika chumba cha juu cha moyo, upande wa kulia. Moyo haukusimama.

Kukataliwa na vita

Matokeo yalichapishwa mwezi Novemba 1929 katika jarida la kitabibu la Ujerumani. Badala ya sifa alipata lawama. Alihamia hospitali ya Charité mjini Berlin, chini ya daktari mashuhuri Ferdinand Sauerbruch, lakini hakudumu huko. Aliendelea kujijaribia mwenyewe kwa kujidunga dawa inayoonekana kwenye eksirei, kisha akaiacha kazi ya moyo na kugeukia magonjwa ya njia ya mkojo. Mwaka 1933 alimwoa Elsbet Engel, aliyekuwa daktari pia, wakazaa watoto sita.

Forssmann alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi kuanzia mwaka 1932 hadi 1945. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa daktari wa jeshi, akatekwa na Wamarekani. Baada ya vita alizuiwa kwa muda kufanya udaktari. Aliishi na familia yake katika eneo la Msitu Mweusi, akakata miti, kisha akafanya kazi ya udaktari vijijini pamoja na mke wake. Mwaka 1950 alianza kazi mjini Bad Kreuznach.

Tuzo ya Nobel

Kuanzia mwaka 1941, Cournand na Richards mjini New York waliitumia njia yake kupima shinikizo la damu ndani ya moyo na kiasi cha damu inayosukumwa. Tuzo ilipotangazwa mwaka 1956, Forssmann alikuwa daktari asiyejulikana sana katika mji mdogo. Baadaye alikuwa mkuu wa upasuaji katika hospitali moja ya Düsseldorf. Alikufa kwa ugonjwa wa moyo.

Urithi wake katika tiba ya saratani

Baadhi ya dawa za saratani ya matiti, kama vile doksorubisini, huunguza nyama zikivuja nje ya vena ndogo. Zikiingizwa katika vena kuu karibu na moyo, huchanganyika mara moja na damu nyingi. Kuna vifaa vya aina tatu vinavyotumika zaidi:

- Katheta inayoingizwa kupitia vena ya mkono, kama alivyofanya Forssmann. Huwekwa bila upasuaji mkubwa, lakini huhitaji kusafishwa na kubadilishiwa bandeji, kwa kawaida kila wiki.
- Katheta inayopitishwa chini ya ngozi ya kifua na kutokeza nje. Nayo huhitaji uangalizi wa mara kwa mara.
- Porti, yaani kikopo kidogo kinachofichwa chini ya ngozi. Huhitaji upasuaji mdogo kukiweka na kukitoa, lakini mgonjwa anaweza kuoga na kufanya kazi bila bandeji.

Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba porti ilileta matatizo machache kuliko aina nyingine mbili. Hata hivyo bei yake ni kubwa. Hatari za vifaa vyote ni maambukizi na damu kuganda. Mwanamke aliyeondolewa tezi za kwapa kwa kawaida huwekewa kifaa upande wa pili.

Umbali nao huamua. Mgonjwa anayetoka Mlalo, katika milima ya Usambara, na kutibiwa Moshi au katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, anapaswa kujua kabla ya kuchagua ni nani atakayemsafishia mrija akiwa nyumbani.