Robert Burns, Mshairi Aliyeisifu Haggis

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Uskoti ni nchi iliyo kaskazini ya Uingereza, na chakula chake kijulikanacho kupita vyote huitwa haggis. Moyo, maini na mapafu ya kondoo huchemshwa na kukatwakatwa vidogo vidogo, kisha huchanganywa na unga wa oti, ile nafaka ya nchi za baridi, pamoja na mafuta magumu ya kondoo, vitunguu, chumvi na pilipili manga. Mchanganyiko huo hutiwa ndani ya tumbo la kondoo lililooshwa vizuri, likashonwa na kuchemshwa kwa muda wa saa nyingi. Kwa sisi tunywao supu ya utumbo hakuna la kushangaza hapo, lakini wako watu wengi ambao wakitajiwa chakula hiki hukunja uso. Aliyewajibu watu hao ni Robert Burns, naye ndiye nitakaye kuwaeleza habari zake.

Burns alizaliwa tarehe 25 Januari mwaka wa 1759 katika kijiji cha Alloway. Baba yake alikuwa mkulima maskini aliyekodi shamba, na nyumba yao ya udongo aliijenga kwa mikono yake mwenyewe. Mtoto hajatimiza hata wiki mbili, dhoruba ikaja ikaangusha upande mmoja wa nyumba, ikambidi mama ambebe mwanawe wakimbilie kwa jirani. Robert alikuwa wa kwanza katika watoto saba. Ndugu yake Gilbert alieleza baadaye kwamba kwa miaka kadhaa nyama ya buchani haikuonekana kabisa nyumbani kwao. Alipokuwa na miaka 15, yeye ndiye aliyekuwa mfanyakazi mkuu wa shamba, akilima na kupura nafaka kama mtu mzima, na wengi husema kwamba kazi hiyo ndiyo iliyomharibu moyo. Hata hivyo baba yake hakukubali watoto wakae bila elimu. Alishirikiana na majirani kumwajiri mwalimu kijana, John Murdoch, na usiku aliwafundisha mwenyewe.

Baba alikufa mwaka wa 1784, na shamba halikuleta faida. Mwaka wa 1786 Burns alikata shauri kwenda Jamaica kuwa karani katika shamba la miwa lililolimwa na watumwa. Watumwa hao walikuwa watu wa Afrika na wazao wao, na mimi sioni sababu ya kulificha jambo hili ati kwa kuwa mtu huyu ni maarufu. Mwenye kujua taabu ya jembe alikuwa tayari kwenda kuandika hesabu za jasho la wenziwe. Hakwenda, lakini si kwa kuwa dhamiri ilimzuia. Kitabu chake cha mashairi kilipigwa chapa mjini Kilmarnock mwezi wa Julai mwaka ule, nakala 612, nazo zikauzwa upesi kiasi cha kumfanya aitwe Edinburgh, mji mkuu.

Huko Edinburgh mabwana na mabibi walimkaribisha mezani kwao, wakamtazama kama kitu cha ajabu: mkulima atungaye mashairi! Wakubwa wa siku zile walipenda sana mapishi ya Kifaransa. Burns hakujaribu kuwaiga. Mwezi wa Desemba 1786 gazeti moja la mji huo lilitoa shairi lake la kuisifu haggis, katika lugha ya Kiskoti cha mashambani. Ndani yake anaisalimu haggis kama mtu amsalimuvyo mkuu wa ukoo, halafu anawacheka walaji wa vyakula vya kigeni kwamba miguu yao imekuwa myembamba na hawafai vitani. Ni mzaha, lakini mzaha wenye meno. Matumbo na mapafu yalikuwa chakula cha wasioweza kununua paja la kondoo, naye alikileta mbele ya wenye mapaja bila ya kuomba radhi.

Jambo la kuchekesha ni kwamba haggis haikuwa ya Waskoti peke yao. Kitabu cha upishi cha Kiingereza cha miaka ya 1430 hivi kinaeleza namna ya kuipika. Waingereza waliiacha, kisha wakawacheka Waskoti kwa kuila.

Sifa haikumtajirisha Burns. Alimwoa Jean Armour mwaka wa 1788, akajaribu kulima tena akashindwa, akaingia kazi ya kukusanya ushuru wa serikali, akipanda farasi katika mvua na baridi. Nyimbo nyingi alizozikusanya na kuzitunga, pamoja na ule wimbo uimbwao usiku wa mwaka mpya, alizitoa karibu bure. Siku chache kabla ya kufa aliandika barua kuomba paundi 5 tu, kwa hofu ya kufungwa kwa deni. Alikufa mjini Dumfries tarehe 21 Julai 1796, mwenye miaka 37. Siku ya mazishi yake mkewe alijifungua mtoto wa kiume.

Miaka mitano baadaye, mwaka wa 1801, rafiki zake tisa walikutana Alloway katika nyumba ile ile ya udongo. Walikula kichwa cha kondoo na haggis, na shairi lake likasomwa. Tangu hapo karamu hiyo imeenea duniani, na hufanywa tarehe 25 Januari. Wakubwa walio katika suti nzuri husimama wote haggis inapoletwa ikitanguliwa na mpiga zumari. Huwekwa mezani pamoja na viazi na tanipu, mtu mmoja hulisema shairi lote kwa moyo, na afikapo katika maneno ya kisu hulipasua tumbo lile, mvuke ukatoka, na watu wakaanza kula.